Mtende wa Mpakani

Khalil aliikanyaga kamba ilipokuwa tayari imenyooka. Ncha moja ilikuwa juu ukingoni, Samil ameifunga kwenye shina la mtende wa mpakani. Ncha ya pili alikuwa ameishika mama yake Samil, Bi Hujla, chini kabisa maji yanapoishia, tope limemfika vifundoni. Kila mwaka Naili ukishapungua, watu wa kijiji hunyoosha kamba namna hiyo, kutoka mtende hadi majini, ili kila nyumba ijue jarufu lake linaanzia wapi na linaishia wapi. Jarufu ndio ule ukanda wa tope jeusi unaoachwa na mafuriko. Halitaki kumwagiliwa. Unalitoboa kwa muo, unatia mbegu, unafukia kwa kisigino, basi.

"Shangazi," Khalil alisema, "kamba yenu imelala ndani ya shamba la mama yangu."

Bi Hujla alimtazama. Alikuwa mtoto wa jirani, alimjua tangu akiwa anabebwa mgongoni. "Imelala inapolala kila mwaka, mwanangu. Toa mguu, utaikata."

"Hiyo kila mwaka mimi sikuwepo."

"Hata mimi sikuwepo," Samil akajibu kutoka juu. "Sote tulikuwa Omdurman tunakula mkate wa kununua. Mtende ulikuwepo. Uulize huo."

Wanawake wawili waliokuwa wakipanda shamba la jirani wakacheka. Khalil hakucheka. Alikuwa amerudi kijijini kwa sababu ileile iliyomrudisha Samil, vita vimemtoa mjini na mkoba mmoja, na tangu arudi alikuwa akizunguka ukingoni kama mtu aliyeangusha kitu.

"Panda juu kabisa utazame," alisema. "Mashamba ya watu wote ni mapana kama mkeka. La mama yangu jembamba kama mshipi. Limeliwa. Na usiniambie ni mto, mto ukiuma unauma ovyo, hauumi kwa mstari."

"Basi limeliwa na nani?"

Khalil akamgeukia Bi Hujla. "Aliyekuwa akilima hapa miaka yote baba yangu alipokuwa Misri ni marehemu mzee Dawud. Mimi simwongezei neno."

Wale wanawake waliacha kutoboa. Dawud alikuwa mume wa Bi Hujla, na hakukuwa na mtu kijijini aliyewahi kumtaja kwa neno la namna hiyo, akiwa hai au amekufa. Samil akateremka ukingo mbio, mavumbi yanamfuata. Wakati huohuo mkewe, Tahani, alikuwa akija na beseni la mbegu kichwani. Ni mtu wa mjini, miguu yake haijazoea tope. Alipomwona mumewe anashuka vile akataka kumzuia, akateleza, na beseni likaondoka kichwani. Khalil ndiye aliyelidaka. Akaliweka pakavu taratibu, asimwage hata punje, kisha akarudi kukunja uso wake.

"Samil, simama hapo," Bi Hujla akasema. "Leo hatupandi."

"Mama, fuli zimelowekwa."

"Nimeziloweka mimi, ninajua. Sipandi kwenye ardhi ambayo mtu amesema mume wangu aliiiba. Kunja kamba."

*

Zile fuli, maharagwe makubwa ya huko, ndizo zilikuwa mbegu zote za nyumba ile. Fuli kavu inaweza kukaa guniani mwaka mzima, lakini ikishalowekwa lazima iingie ardhini kesho yake au keshokutwa. Baada ya hapo inachacha. Tope nalo lilikuwa na siku zake. Sasa lilikuwa linabeba mguu wa mtu na bado lina maji, lakini upepo wa kaskazini ulikuwa umeshaanza, na wiki moja ya upepo huo inaligeuza kuwa vigae. Tende za msimu zilikuwa zimekwenda karibu zote kwenye nauli ya kuwatoa Samil, Tahani na watoto wao wawili vitani. Wasipopanda, nyumba ya watu watano ingeingia mwaka wa kuomba.

Jioni Samil hakukaa chini. Alizunguka uani akisema atampeleka Khalil mbele ya watu, atamfanya ameze neno lake. Tahani alikuwa ameinamia beseni, anazigeuza mbegu kwa mkono zisipate joto. Zilikuwa zimeanza kutoa pua, zinachipua.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Khalil, amebeba sinia iliyofunikwa kitambaa. Hakuingia. "Mama amesema nilete," alisema, akitazama ukuta.

Ulikuwa mkate mwembamba wa moto na mchuzi wa bamia. Samil akageuza kichwa. Tahani hakujua kama apokee au asipokee. Mjini kwao watu wakigombana asubuhi hawaletewi chakula jioni. Bi Hujla ndiye aliyeinuka.

"Mwambie Meska ahsante. Goti lake?"

"Limevimba tena. Hashuki barazani."

"Ngoja." Akaenda ndani, akarudi na tende kidogo zilizobaki za kuwapa watoto, akazimimina kwenye sinia baada ya kutoa chakula, maana sinia ya mtu hairudi tupu. Khalil alizipokea kwa aibu, akaondoka bila kuaga.

"Umempa tende za watoto," Samil akasema.

"Nimempa Meska. Kula mkate, unapoa." Bi Hujla akakaa. "Kesho nitaufukua ule mtende. Mama mkwe wangu aliniambia, babu yenu alipoupanda mpakani alifukia chini yake mitungi mitatu ya gurudumu la maji, mitungi iliyovunjika, midomo imetazama chini. Mtende unaweza kuungua, mtungi hauozi. Khalil akiiona mitungi chini ya mtende ataomba radhi mwenyewe, na sisi tutapanda kesho hiyohiyo."

"Nitaufukua mimi."

"Wewe una pampu ya mtu ya kutengeneza. Nenda katafute chakula. Nina Tahani."

*

Walitoka kabla jua halijapanda, Bi Hujla na jembe, Tahani na sururu na kikapu. Tahani alivaa viatu vya mpira vya marehemu Dawud. Mama mkwe wake alikuwa ameviweka mlangoni alfajiri bila kusema kitu.

"Hapa unapokanyaga palikuwa mfereji," Bi Hujla alisema wakipita kati ya mitende. "Maji ya gurudumu yalipita hapa yakaenda mpaka kule kwenye mchanga."

"Kule mchangani kulikuwa na shamba?"

"Shamba, na nyumba, na kisima. Upepo umevifukia. Mchanga unatusukuma kutoka kule, mto unatusukuma kutoka huku. Tumebaki kama watu wengi kwenye kitanda kimoja, kila mmoja anavuta shuka." Akaonyesha shimo kubwa la mawe ukingoni, limejaa majani makavu. "Na hilo ndilo lilikuwa tumbo la gurudumu. Ng'ombe wawili walilizungusha. Lilikuwa linalia usiku kucha, kama mtu anaumwa jino. Pampu ilipokuja wakalizima, basi watu walikesha. Hakuna aliyejua kulala kwenye ukimya."

Tahani akacheka. Tangu aje kijijini alikuwa ameyaona mawe yale kila siku na kuyadhani ni ya ujenzi.

Mtende wa mpakani haukuwa shina moja. Lilikuwa kundi, shina moja refu na vitoto vimelizunguka miguuni. Wakaanza kuchimba. Udongo ulitoka mweusi na mwepesi, mizizi myembamba kama nyuzi. Walichimba mpaka Tahani akaingia shimoni kiunoni. Mitungi haikuwepo. Bi Hujla akamwambia achimbe upande wa mto, kisha upande wa kijiji. Haikuwepo. Akakaa ukingoni mwa shimo, mikono mapajani.

"Labda mama mkwe wako alisikia vibaya," Tahani akasema kwa upole.

"Alikuwa hasikii vibaya. Alikuwa anasikia hata tusiyosema."

Tahani akatoka shimoni ajinyooshe mgongo. Alipopiga hatua chache upande wa kaskazini, ndani ya shamba lao, mguu ukazama kwenye nyasi. Palikuwa na bonde dogo la mviringo, limejaa kitu laini kama sufi iliyooza. Akalisafisha kwa mkono. Zilikuwa nyuzi za mtende wa zamani, shina limekwisha na kubaki kama jino bovu kwenye ufizi. Akasimama, akatazama mbele. Nyasi zilikuwa na doa jingine la kijani zaidi, mbali kidogo, na jingine mbele yake, kwenye mstari huohuo.

"Mama, njoo uone."

Walichimba kwenye lile doa la mwisho. Jembe la Bi Hujla ndilo lililogonga. Mitungi mitatu, myekundu, midomo imetazama chini, imekaa kimya mahali ilipowekwa. Kutoka hapo hadi kwenye mtende uliosimama ilikuwa upana wa nyumba nzima na ua wake.

Tahani alifurahi kwanza, kisha akaona uso wa mama mkwe wake.

"Mpaka ni hapa," Bi Hujla akasema. "Kile kipande chote ni cha Meska."

"Haiwezekani. Mtende hauhami."

"Unahama. Mama anakufa, kitoto kilicho kando kinakuwa mama. Kinakufa, kitoto chake kinashika. Ukikata vitoto vya upande mmoja tu, miaka inavyokwenda mtende unakwenda upande wa pili."

Akapiga magoti, akaupangusa mtungi mmoja kwa upindo wa nguo yake. Alimwona Dawud mbele ya macho yake, na kisu chake kirefu, anakata vitoto vya mtende upande wao wa kaskazini avipande kwingine. Vya upande wa kusini hakuvigusa hata siku moja. "Hivyo ni vya watu," alikuwa akisema. "Mume wa Meska akirudi kutoka Misri atavikata mwenyewe." Mume wa Meska alizikwa hukohuko Misri. Vitoto vyake havikukatwa na mtu, vikakua, na kila Dawud alipojizuia kuchukua cha jirani, mtende ukapiga hatua nyingine kwenye shamba la jirani, na kamba ikaufuata.

"Kwa hiyo hakuiba," Tahani akasema, baada ya kuelezwa.

"Hakuiba. Lakini tumekula."

Tahani alitazama huku na huku ukingoni, hakukuwa na mtu. Alikuwa mwanamke mwenye heshima, na alikuwa mama wa watoto wawili. "Mama," alisema polepole, "tumechimba sisi wawili tu. Khalil hajui habari ya mitungi. Tukifukia tukasema hatukuona kitu, neno lake litabaki neno. Mwaka huu tu. Watoto wapate fuli za mwaka huu."

Bi Hujla hakumkemea. Alimshika mkono, akautoa mwiba wa mtende uliokuwa umemwingia kidoleni na ambao Tahani mwenyewe alikuwa hajausikia.

"Nimekusikia," alisema. "Na ningekuwa na umri wako ningesema hivyohivyo. Lakini Meska hajapita mlangoni kwangu miaka mitatu kwa sababu ya goti. Mimi ndiye ninayepita kwake. Nitapitaje?" Akautoa mtungi mmoja, akauweka kwenye kikapu. "Hii miwili usiiguse. Iache mahali pake, watu waje waione."

*

Bi Meska alikuwa barazani, mguu umenyooshwa juu ya mto wa kulalia, anapepeta dengu. Khalil alikuwa amekaa mlangoni anashona kiatu. Bi Hujla hakuwaamkia kwanza. Aliweka mtungi kwenye baraza, katikati ya dengu na goti.

"Huu umetoka ndani ya shamba langu," alisema. "Upana wa nyumba kutoka kwenye mtende. Kamba yetu imelala kwenye ardhi yako, Meska. Sijui tangu lini."

Khalil aliacha sindano hewani.

Bi Meska aliugeuza mtungi, akautazama ndani. "Mimi ninajua tangu lini," alisema. "Tangu huyu anaanza kutambaa. Ninakaa hapa kutwa, nitatazama nini kingine? Niliuona unakuja kidogo kidogo. Nikasema, acha, una miguu, utachoka."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Mume wangu amekwenda, nina mtoto mmoja ziwani na mmoja tumboni, sina mkono wa kushika muo. Kila mavuno Dawud analeta gunia, analiegemeza mlangoni usiku, anaondoka kabla sijafungua. Nimwite nimwambie mtende wako unaingia kwangu? Angeung'oa kwa aibu."

"Mama," Khalil akasema, "mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Umekuja, umeona shamba jembamba, umetoka mbio kwenda kumtukana mtu aliyekulisha. Gunia lile ndilo lililokufanya upate kimo hicho cha kuwakanyagia watu kamba."

Khalil aliangalia kiatu chake. Alikuwa mtu mzima, ana mvi mbili tatu masikioni, lakini wakati ule alikaa kama mtoto. "Shangazi," akasema, "kwenye ardhi nilisema kweli. Kwenye jina nilikosea. Nisamehe kwa jina."

"Nimekusamehe kwa jina," Bi Hujla akasema. "Kwenye ardhi mimi ndiye nitakayeomba. Njoo na kamba yako."

Samil aliwakuta ukingoni saa ya adhuhuri, mikono ina grisi. Kamba ilikuwa imenyooshwa upya, kutoka kwenye shimo la mitungi hadi majini, na Khalil ndiye aliyekuwa ameshika ncha ya chini. Tahani akamweleza. Samil alimvuta mama yake kando, lakini alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Mama, ulikuwa na haja gani ya kwenda kusema? Angalia kilichobaki. Fuli zile hazitaenea hapa hata nusu."

"Ninaona."

"Watoto watakula mitungi?"

"Sijui watakula nini, Samil. Nilijua tu baba yako asingekula." Sauti yake ilitetemeka, na Samil alipoisikia akachukua upindo wa nguo yake akamfuta tope shavuni, ingawa mikono yake ilikuwa michafu zaidi na ilimwachia alama ya grisi.

Khalil alikuwa amesimama katikati ya ardhi aliyoipata, anaitazama. Ilikuwa pana, nyeusi, nzuri, na hakuwa na hata punje moja ya kutia ndani yake. Mbegu zake alitegemea kuzipata sokoni wiki ijayo. Akakanyaga, akatazama alama ya mguu wake. Maji yalikuja juu taratibu, kidogo. Wiki ijayo yasingekuja.

Kutoka barazani wakasikia Bi Meska anaita.

*

Hakukubali kuletewa habari. Alitaka kuona mwenyewe, na kwa kuwa goti halishuki ukingo, Samil na Khalil wakamweka kwenye kitanda chake cha kamba wakakibeba mabegani. Kijijini kitanda hubebwa hivyo siku ya mazishi tu. Watoto wakatoka milangoni kutazama, na mzee mmoja aliyekuwa akitawadha akaanza kusoma dua.

"Niko hai, Sorkatti, hifadhi dua yako," Bi Meska akamwambia alipopita juu yake. "Na nyinyi angalieni njia. Makaburi ni kushoto. Nimesema mtoni."

"Mama, usicheke, kitanda kinayumba."

"Kinayumba kwa sababu Samil ni mfupi. Baba yake pia alikuwa mfupi. Watu wema wote wa nyumba ile ni wafupi."

Wakamteremsha kwa shida, Tahani anashika mguu wa mbele wa kitanda, Bi Hujla anashika mguu wa mgonjwa. Walipofika kwenye tope wakakiweka chini, na kitanda kikazama kidogo, nusu kikiwa upande mmoja wa kamba na nusu upande wa pili. Khalil akataka kukisogeza kiingie upande wao.

"Kiache," Bi Meska akasema. "Sasa nisikilizeni. Hujla, hii ardhi umenipa, ni yangu?"

"Ni yako. Ilikuwa yako."

"Hakuna wa kunipinga?"

"Hakuna."

"Vizuri. Basi mbegu za Hujla ziingie humu leo, kabla jua halijashuka. Ardhi yangu, mbegu zao, migongo yenu vijana wawili. Tutagawana nusu kwa nusu, kama tunavyogawana mtende wa watu wawili. Mwaka ujao Khalil atakuwa na mbegu zake, mtazungumza."

"Nusu," Khalil akasema, anahesabu kichwani.

"Unataka yote? Ipande yote kwa mate."

Samil akaanza kucheka, akajizuia, kisha Khalil mwenyewe akacheka, na ikawa basi. Nusu ya kipande kile haikuwa kile ambacho Bi Hujla alikitegemea. Alishapiga hesabu yake kimyakimya: pamoja na shamba lao lililobaki, kingewafikisha karibu na msimu wa tende, na miezi ya mwisho wangepika mara moja kwa siku. Ungekuwa mwaka mgumu, lakini hawangeomba. Alishukuru, akaenda kuleta beseni.

Wanaume walitangulia na mio, wanatoboa tope, na Tahani akafuata nyuma na viatu vyake vikubwa, anatia mbegu zilizotoa pua, moja moja, anafukia kwa kisigino. Wale wanawake wawili wa shamba la jirani, ambao walikuwa wamemaliza lao, hawakuuliza kitu. Waliingia kila mmoja kwenye mstari wake na kuanza kusaidia.

Bi Meska aliteremsha mguu mmoja kutoka kitandani, akauacha uguse tope. Vidole vikazama polepole.

"Baridi," alisema mwishowe. Kisha akainua shingo. "Wewe, mke wa Samil. Mashimo hayo mbona yako mbalimbali? Unawapandia ngamia?"

"Hujui jina langu, Bi Meska?"

"Ninalijua, Tahani. Rudi nyuma, yasogeze."

Tahani akarudi mwanzo wa mstari, akaanza upya, na Bi Meska akawa anamwambia, hapo, na hapo, na hapo, sauti inapungua kadiri jua lilivyoegemea mchanga wa ng'ambo. Mstari wa tano haukupata msimamizi. Bi Hujla alipogeuka alimkuta amelala usingizi, mdomo wazi, mguu ungali ndani ya tope. Hakuutoa. Alikaa pembeni ya kitanda, akavua mtandio wake, akaanza kumfukuzia nzi wa mto.